Akaunti ya Mama Siwema

Iko nchi moja, na mkinibana niitaje jina nitasema nimelisahau, maana kule kusahau bado si kosa. Ni nchi nzuri sana. Ina bendera, ina wimbo, ina mabomba ya maji yaliyopakwa rangi ya samawati toka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho. Maji yenyewe hayamo, lakini rangi ni ya hali ya juu, na kila mwaka hupakwa upya mbele ya mgeni rasmi, na watoto huimba.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Msikivu. Jina hilo alijipa mwenyewe, baada ya kujishauri kwa kina. Masikio yake yalikuwa ya kawaida tu kama yako na yangu, ila katika picha zilizotundikwa barabarani yalichorwa makubwa kidogo, wananchi wapate kujua kwamba wanasikilizwa.

Shida ikawa moja. Wananchi wale walikuwa wanasemea ndani. Wanasemea jikoni, wanasemea kisimani, wanasemea wakisukana nywele. Sasa Mtukufu wa watu angesikia vipi? Apite kila jiko? Ndipo Wizara ya Mazungumzo Mema ikatengeneza mtandao wa kijamii wa taifa zima, ukaitwa Kibaraza, na amri ikatoka: kila mwenye kidole afungue akaunti. Asiyefungua asiuziwe sukari. Na mtoto ambaye mamake hana akaunti asipokelewe darasa la kwanza.

Hilo la sukari watu walilimeza, kwa kuwa sukari yenyewe walikuwa wakiiona kwenye televisheni tu. Hilo la darasa la kwanza ndilo lililomkwama Mama Siwema kooni.

Mama Siwema alikuwa mwanamke wa darasa la saba, cheti chake kimelazwa chini ya godoro kama mgonjwa. Mumewe alikuwa mlinzi wa mabomba, kazi ya heshima na isiyo na hofu, maana kilichomo hakiibiki. Mtoto walikuwa naye mmoja tu, Siwema, wa miaka saba. Huyo Siwema, tangu asikie neno shule, alijishonesha mfuko wa gunia la unga akauvaa mgongoni, akala nao, akalala nao. Akiambiwa vua, anajibu, "Je, wakiniita ghafla?"

"Baba Siwema," mkewe akamwambia, "mimi nakwenda kuifungua hiyo akaunti."

"Nenda. Lakini ukiingia humo, nyamaza."

"Sasa mtandao wa mazungumzo mtu ataingiaje anyamaze?"

"Mimi nalinda bomba lisilo na maji," mumewe akasema. "Usiniulize mimi vitu vinawezekanaje."

*

Kituo cha Kuwasaidia Wanaoanza kilikuwa katika ukumbi wa kata. Mbele alisimama Mwelekezi Mkuu Msaidizi wa Wanaoanza, Bwana Tindwa, amevaa suti ya kijivu na kalamu nyingi mfukoni, ingawa kazi yote ilikuwa ya kubonyeza.

"Ndugu wananchi wanaoanza!" akasema. "Kuanza si jambo dogo. Hata Mtukufu Msikivu aliwahi kuanza, ingawa yeye alianza akiwa ameshamaliza. Kwa ufupi tu, nitazungumzia historia ya kidole."

Bi Kidawa, jirani yake Mama Siwema, muuza chapati, mwanamke asiyeweza kuacha neno likapita bila kulivuta mkia, akamnong'oneza mwenziwe. "Akisema kwa ufupi, shoga, nenda kapike maharage. Utarudi umkute palepale."

Kidole kilipokwisha, ikaja hatua ya kwanza.

"Hatua ya kwanza ni neno la siri," Bwana Tindwa akasema. "Kila mmoja achague neno lisilojulikana na mtu yeyote chini ya jua. Akishachagua, asimame alitaje kwa sauti, karani asikie vizuri."

"Samahani, mwanangu," Bi Kidawa akainua mkono. "Likishatajwa ukumbi mzima, siri itakuwa ya nani?"

"Ya taifa, mama. Siri ikikaa kwa mtu mmoja huoza. Ikikaa kwa taifa hutunzwa."

Wakasimama mmoja mmoja wakamwaga siri zao. Mzee mmoja alitaja jina la mwanamke, mkewe aliyekaa ubavuni akauliza huyo ni nani, na darasa likasimama mpaka mzee alipobadilisha neno lake likawa "nisamehe." Nalo likakataliwa. Karani alisema lilikuwa limeshachukuliwa na wazee wengi.

Hatua ya pili ikawa masharti. Yalikuwa marefu, yanapanda tu kwenye kioo kama mchwa, na maandishi yake madogo hata mwenye macho ya mwewe angeomba aazimwe miwani. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja: NIMEKUBALI.

"Na asiyekubali?" akauliza mtu wa nyuma.

"Serikali imemfikiria," Bwana Tindwa akajibu kwa upole. "Asiyekubali abonyeze Nimekubali, aingie ndani, kisha aandike kwamba hakubali."

Watu wakabonyeza. Nani angesoma? Mama Siwema alijaribu, akafika mstari wa pili, akakuta neno "husika" limeandikwa mara nyingi mfululizo, akaona hayo si yake, ni ya wanaohusika.

Hatua ya tatu ikawa picha.

"Picha iwe ya tabasamu la wastani," Bwana Tindwa akaonya. "Meno yakionekana mengi mtu ataulizwa anacheka nini. Yasipoonekana kabisa ataulizwa amenuna nini."

Mama Siwema akatoa simu yake. Hebu ninyi mlio mama, semeni kweli, angeweka picha ya nani? Kule, kama kwingine, mwanamke akishazaa jina lake hulala na la mtoto likaamka. Hata muuza mkaa humwita Mama Siwema. Jina lake la kuzaliwa analikumbuka kadhi aliyemwozesha. Na uso nao ni hivyo hivyo. Uso wake mwenyewe aliuona umechoka, una alama ya mvuke wa sufuria, haukuwa wa kuonyesha watu. Picha nzuri aliyokuwa nayo ni ya Siwema siku ya Idi, amevaa gauni la njano, anakula muwa, meno mawili ya mbele hayapo.

"Mimi naweka ya mwanangu," akasema.

Bwana Tindwa akainama akatazama. Wakati huohuo chai ilikuwa imeletwa, na vitumbua vinapoa. "Mtoto mzuri," akasema. "Weka. Anayefuata!"

Basi akaunti ikafunguka: jina, Mama Siwema; uso, wa Siwema. Mama mtu akaenda moja kwa moja shuleni, akamwonyesha mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akasema mtoto aje Jumatatu na ufagio. Siwema siku hiyo alikula amevaa mfuko, na ufagio ameuweka mapajani.

*

Sasa kosa lake lilikuwa nini mama huyu? Nitawaambia, na mtanicheka. Kosa lake lilikuwa adabu.

Alipoingia Kibarazani mara ya kwanza alikuta watu wamejaa, uso kwa uso, wengine wazee wenye mvi. Mama yake alimlea kwamba mtu hapiti mbele za watu kama mbuzi. Ukiwakuta watu, unawaamkia. Akaanza kuamkia.

"Hodi hapa, Bi Kidawa. Umeamkaje? Mguu haujambo?"

"Karibu, Mama Siwema. Mguu haujambo, ila unanikumbusha mvua."

"Shikamoo, mzee. Habari za huko kwenu?"

"Marahaba, mwanangu. Njema tu, ila maji hayatoki."

"Poleni. Na dada huyo wa pembeni, salama? Watoto wazima?"

"Wazima, ila zahanati haina dawa. Daktari yuko semina."

Mnawajua watu wetu. Hakuna anayejibu "mbaya" mtu anapomuuliza habari. Hata aliyelazwa taabani atasema njema, halafu ndipo avute pumzi aseme "ila." Na aliyeamkiwa lazima naye amuamkie wa pili, maana atasemaje ameamkiwa akanyamaza? Wa pili akamwamkia wa tatu. Wenye nyuso wakaulizana habari kutoka milimani mpaka mabondeni. Watu ambao tangu wazaliwe hawajaonana wakaulizana habari za mafua. Hata kabla mama huyo hajaipua ugali, nchi nzima ilikuwa ikisema njema, ila bomba limepakwa rangi tena. Hatujambo, ila ndoo kavu. Salama, ila barabara imezinduliwa haipo.

Kule wizarani walikuwa na mashine ya kupimia furaha ya taifa. Mashine hiyo ilisoma neno la kwanza tu la kila jibu, kwa kuwa ile ya kusoma maneno mawili ilikuwa bado njiani, na imekuwa njiani tangu waziri wa kabla ya huyu. Mashine ikaona njema, njema, salama, hatujambo, njema. Ikapiga kengele, ikatoa moshi wa furaha. Waziri wa Mazungumzo Mema, Mheshimiwa Daktari Mapande, mtu aliyepata udaktari kwa kuomba, akakimbia na viatu mkononi mpaka kwa Mtukufu Msikivu.

"Mtukufu! Taifa lote limeamka njema!"

"Lote?" Mtukufu akauliza.

"Lote. Hata wagonjwa."

Ikapigwa mizinga. Ikatangazwa sikukuu. Mtukufu, kwa kufurahi, akataka asomewe mwenyewe salamu moja ya wananchi wake, na msomaji, maskini, alikuwa mgeni kazini. Akasoma mpaka mwisho.

"Njema, ila..."

Sitawaambia yaliyompata msomaji. Mizinga ilinyamazishwa, sikukuu ikageuzwa siku ya tafakari, na amri ikatoka atafutwe aliyeanzisha kuamkia.

*

Hakuwa mgumu kupatikana. Kila salamu ilifuatwa nyuma mpaka ya kwanza, na kwenye salamu ya kwanza palikuwa na uso: msichana wa gauni la njano, mwenye muwa.

Usiku wala mchana televisheni haikuwa na jingine. Mtaalamu mmoja wa usalama alichora mishale kuzunguka mdomo wa Siwema. "Tazameni," akasema, "pengo hili. Meno mawili, si moja, si matatu. Hii ni alama ya kikundi. Na muwa huu umeshikwa kwa mkono wa kushoto, upande ambao adui anatoka." Mwingine akasema kwa utafiti wake mwanamke huyu ana umri wa miaka arobaini na amesomea nje.

Siwema alikuwa sakafuni anakula uji. "Mama, yule mimi!" akashangilia. "Niko kwenye tivii!"

Mama yake hakushangilia. Aliinuka kwenda kuizima. Na kabla hajaifikia, hodi ikapigwa, ile hodi isiyongoja karibu, wakaingia askari wamebeba picha kubwa kama mlango.

"Huyu yuko wapi?"

"Shikamooni," Siwema akasema. "Mmekula?"

Mkubwa wao akatazama picha, akatazama mtoto, akatazama picha. Akajifuta jasho. "Ndiye," akasema kwa sauti ndogo. "Uko chini ya ulinzi, bibi."

"Afande!" Mama Siwema akajitupa katikati. "Niliyeandika ni mimi! Mkono ni huu! Mtoto huyu hata herufi a hajui ina tumbo upande gani."

"Sura ni ya nani?"

"Ya kwake, lakini..."

"Masharti uliyasoma?"

"Nilifika mstari wa pili."

"Ungefika wa mia ungekuta imeandikwa: neno ni la mwenye uso. Wewe humo ndani huna uso, mama. Mtu asiye na uso hawezi kukosa."

Wakajaribu kumtia pingu, pingu zikateleza zikaanguka. Wakajaribu kuzitia juu ya kiwiko, zikaanguka. Siwema aliziokota akawarudishia kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kumpa mkubwa kitu. Mwishowe wakaandika kwamba mtuhumiwa ni mjanja sana wa kujivua pingu, wakamshika mkono wakaondoka naye, na mfuko wake wa gunia mgongoni. Baba Siwema alitaka kuwafuata, akaambiwa akiacha bomba atashitakiwa kwa maji yatakayopotea.

Mama mtu aliwafuata kwa miguu, viatu kavisahau, mpaka wizarani.

*

Kikao kiliketi katika ukumbi wenye mazulia. Mheshimiwa Mapande katikati, washauri kulia, washauri wa washauri kushoto. Siwema wakamkalisha kiti kikubwa, miguu inaning'inia. Mama yake walimruhusu asimame mlangoni, kama mtu asiyehusika.

"Mtuhumiwa," Mheshimiwa akaanza, "unashitakiwa kwa kukusanya umma bila kibali kwa njia ya kuuliza hali. Nani anakutuma?"

"Mama," Siwema akajibu.

Washauri wakaandika mbio.

"Anakutuma nini?"

"Chumvi."

"Chumvi," Mheshimiwa akarudia, akawageukia washauri wake. "Tafuteni maana ya chumvi."

Mama Siwema hakuweza tena. "Mheshimiwa, baba yangu, nakuangukia miguuni. Mtoto anatakiwa shule Jumatatu. Mimi nitaomba radhi, nitaandika hapohapo Kibarazani, nitaandika mara mtakazotaka."

"Radhi ataomba mwenye uso," mshauri mmoja akasema. "Tena kwa mkono wake."

"Hajui kuandika!"

"Akajifunze."

"Ndiyo maana nataka aende shule!"

"Shule haiwezekani," mshauri akafungua kitabu cha sheria. "Mwenye akaunti Kibarazani ni mtu mzima. Mtu mzima hapokelewi darasa la kwanza. Jina lake limeshafutwa."

"Basi futeni akaunti, awe mtoto."

"Akaunti hufutwa kwa maombi ya maandishi ya mwenye uso."

Kila mtu ukumbini akaifuata hoja hiyo ilivyozunguka na kurudi mahali pake, na washauri wawili wakapeana mikono kwa kazi nzuri. Siwema akauliza kama anaweza kushuka kitini.

Hapo ndipo mshauri mdogo kuliko wote akakohoa. "Mheshimiwa, kuna jambo. Huyu bibi ana wafuasi wengi."

"Wengi kiasi gani?"

"Naomba nikunong'oneze."

Akamnong'oneza. Mheshimiwa akabadilika rangi. "Kumzidi..." Hakumaliza. Akatazama picha ya masikio ukutani, akashusha sauti. "Wanamfuata hivyo, mtoto huyu?"

"Wanampenda, Mheshimiwa. Akiuliza habari, wanamjibu. Wanamjibu yote. Sisi tunauliza mwaka wa ngapi huu hawatujibu."

Mheshimiwa Mapande akaegemea kiti. Nasikia katika maisha yake yote hilo ndilo wazo pekee lililowahi kumjia bila kuletwa na mtu, na ona lilivyokuwa. Akamwita Mama Siwema kwa kidole, akatabasamu, tabasamu la wastani.

"Mama, serikali hii ina huruma. Utamchukua mtoto wako. Akaunti itabaki kwetu."

"Chukueni akaunti. Mimi naitakia nini?"

"Na uso utabaki kwenye akaunti."

Mama Siwema akasita. "Uso wa mwanangu?"

"Sasa wewe unataka mtoto au unataka uso?"

"Nataka mtoto wangu, na uso wake."

"Mama," Mheshimiwa akasema kwa masikitiko, "usiwe na tamaa."

"Na shule?"

"Shule! Jumatatu. Deski la mbele. Nitampigia mwalimu mkuu mimi mwenyewe."

Mtamlaumu kweli? Mtoto ameketi pale, miguu haigusi chini, anauliza kama atakwenda nyumbani. Mama Siwema akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa, akambeba mwanawe mgongoni, yeye na mfuko wake, akatoka mbio kama aliyeiba.

*

Asubuhi ya pili, Kibarazani, uso wa Siwema uliamkia taifa. Gauni la njano, muwa, pengo.

"Hodi, wapendwa wangu! Mmeamkaje huko? Niambieni yote, msinifiche."

Aliyekuwa akiandika hivyo ni mwanamume mwenye kitambi, kule wizarani, chumba cha feni. Siwema mwenyewe wakati huo alikuwa uani anafukuza kuku.

Watu wakafurahi. Mtoto ameachiwa! Wakamjibu kama anavyojibiwa mtoto, bila kujikunja. Njema, ila hivi. Njema, ila vile. Na kila aliyeandika "ila," jioni alipigiwa ile hodi isiyongoja karibu. Bi Kidawa alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. "Hatujambo mjukuu wangu," aliandika, "ila kaa kitako nikupe habari za wapaka rangi hawa." Walimchukua unga ukiwa mikononi. Alirudi baadaye, na yule mwanamke asiyeacha neno lipite sasa ukimwamkia anasema "Njema," anafunga mdomo, anatazama ardhi. Chapati aliacha. Alipomwona Siwema anakuja na kikombe kuomba chumvi, aliingia ndani akaweka komeo.

Mama Siwema akarudi kwa Bwana Tindwa akilia. "Baba, nifundishe hatua za kufunga."

"Kufunga?" Bwana Tindwa akashangaa kikweli, kitumbua mkononi. "Hilo hatujafundishwa, mama. Sisi ni kitengo cha kuanza."

Basi akawa anashinda nje ya ukumbi ule, akiwangoja wanawake wanaokwenda kuanza. Anawashika mkono mmoja mmoja. "Shoga, mwanao una picha yake? Usiiweke. Nakuomba kwa mama aliyekuzaa. Weka sufuria. Weka kinu. Weka mwiko." Wengine wanamwona kachanganyikiwa, wengine wanasikia. Mpaka leo Wizara ya Mazungumzo Mema inafanya utafiti kwa nini wananchi wapya wa kata ile wote ni vyombo vya jikoni, na imeshaunda kamati, na kamati imeshakwenda nje kujifunza.

Shule? Ahadi ilitimizwa. Siwema alipokelewa Jumatatu. Mwalimu mkuu aliupokea ufagio wake kwa mikono miwili, akainama. Akapewa deski la mbele, zima, peke yake, wakati wenzake wamebanana watano watano, kwa kuwa hakuna mama aliyetaka wake akae karibu naye.

Siku moja alirudi nyumbani, akavua mfuko bila kuambiwa, akauweka chini.

"Umesoma nini leo, mama?" mama yake akamwuliza, kama wazazi wa kule wanavyowaita watoto wao wa kike kwa mapenzi.

"Sijui. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Nikiingia anasema njema, njema, anakaa."

"Daftari lako liko wapi nilione?"

Akalitoa. Kurasa zilikuwa nyeupe, hazijaguswa na kalamu, na kila ukurasa una alama kubwa nyekundu ya vema.

"Nimepata zote," Siwema akasema. "Mama, mimi nimewafanya nini watu?"

Mama yake alichovya ncha ya kanga katika maji kidogo yaliyobaki kwenye kata ya kuchotea, akamvuta karibu, akaanza kumfuta uso. Akafuta paji, akafuta mashavu, akafuta pembeni mwa mdomo, akarudia tena na tena, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iliyoungua.

"Mama, mama basi," mtoto akasema. "Mbona nilishanawa."